Maza Lazima Aingie kwenye Kesi

Jamani, hili naomba nilisimulie mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa Ipinda, maana huko linasimuliwa kwa nyongeza, na mimi hata bila nyongeza aibu yangu inanitosha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kwetu ni Singida, nimeolewa hapa Kyela na Lusajo na tunakaa Bondeni. Nilikuwa nimechoka kuchapa mitihani kwenye kompyuta ya shule (ukiinuka kwenda chooni, ukirudi mwenzio ameshakaa), nikaamua niwe na yangu ya mezani nyumbani, tena siyo ya kununua kama ilivyo, nichague kila kifaa mwenyewe. Nikasoma, nikaangalia video, nikawachosha wenzangu kwa habari za prosesa na ramu mpaka wakiniona naingia ofisini wanajifanya wanasahihisha madaftari. Vifaa nilikuwa nachagua kwa simu na muuzaji mmoja wa Mbeya mjini, mtu wa maneno mengi, anayevizungumzia vifaa kama ndugu zake. Lile boksi la nje linalobeba kila kitu anaita kesi. Ile sahani kubwa ya ndani inayounganisha vitu vyote, mazabodi, yeye anaikata, anasema maza. "Mwalimu, maza wako ameshafika dukani." Na mimi kwa kujitia mjuzi nikawa naongea hivyohivyo.

Basi Jumamosi nikaenda Ipinda kwa mama mkwe kuchukua mpunga aliotupatia. Mama akabaki nyumbani, nikaenda mashineni kukoboa na mdogo wake, mama Atu. Foleni ndefu, akina mama wamekaa juu ya magunia, mashine inanguruma mpaka meno yanatetemeka. Simu ikaita. Ni muuzaji. Ningeiacha! Ningempigia baadaye, ningetoka hata nje! Lakini hapana, mimi nikapokea palepale, nikaziba sikio moja, nikaanza kupiga kelele.

"Kesi ndogo siitaki! Nimesema nataka kesi kubwa!"

Akaniambia kubwa ipo, ila maza wangu ataingia kwa kubanana kidogo, je, nibadilishe? Nibadilishe wapi, na nimemchagua wiki nzima? Nikavuta pumzi nijibu kwa sauti ya kushinda mashine, na umeme wa Kyela (mnaujua) ukachagua sekunde hiyohiyo kukatika. Mashine kimya. Mimi sikuweza kujizuia, maneno yalishatoka:

"Maza lazima aingie kwenye hiyo kesi! Na akishaingia, mfungeni kabisa, asitikisike!"

Wote wananitazama. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani wanastaajabu mwanamke anajua mambo ya kompyuta. Nikawatabasamia. Mama Atu hakunisemesha mpaka tunarudi, nikasema labda ni njaa.

Sasa lazima mjue kwamba baba mkwe alipofariki aliacha shamba la kokoa, na Lusajo na kaka zake walishawahi kununiana kidogo juu yake. Mimi halikunihusu na sikulifikiria. Wakwe zangu, mama Atu akishawasimulia ya mashineni, walilifikiria usiku kucha.

Jumapili asubuhi mzigo ukaja kwa basi, umeshaunganishwa, nikauweka chumbani. Lusajo alikuwa Matema kwa shughuli zake. Baada ya ibada nasikia hodi, nafungua, naona mama mkwe, mama Atu, na baba mdogo wa Lusajo amevaa koti. Nikafurahi! Nikajua Lusajo amewaambia, wamekuja kunipongeza.

Baba mdogo akakohoa. "Mwalimu, tumesikia habari ya kesi."

"Habari zinakimbia, baba! Imefika leo asubuhi."

"Imefika?"

"Iko chumbani. Kubwa, baba, mtashangaa."

Wakatazamana. Mama Atu akauliza kwa sauti ndogo, "Na maza?"

"Ameshaingia, mama. Walimbana kidogo, lakini ameingia na wamemfunga."

Mama mkwe akashika kichwa. Ndipo nikaona machozi, na mimi bado sielewi, naona tu mwanamke wa watu analia sebuleni kwangu siku ya furaha.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimekukosea nini? Kama ni shamba, chukueni. Usinipeleke mahakamani. Mimi kufungwa sitaweza, na miguu hii."

Nikaanza kueleza, na kila nilichoeleza kikazidi kuharibika, maana nilisema "mama, siyo wewe, ni maza mwingine," baba mdogo akadakia, "Kumbe mko na mama wa pili mnamshtaki?" Nikakimbilia chumbani, nikalibeba lile boksi zito huku waya zinaning'inia, nikaliweka katikati ya sebule, nikalifungua ubavu. "Hii ndiyo kesi! Na hii hapa ndiyo maza! Hii sahani!"

Wakainama wote watatu kuchungulia. Mama Atu ndiye aliyeanza, akacheka mpaka akakaa chini, baba mdogo akavua koti akafutia macho. Mama mkwe hakucheka. Alinyoosha kidole, akaigusa ile sahani polepole, akasema, "Mwalimu, ni shule gani hiyo inayofundisha kuliita bati mama?" Nikapiga magoti, nikamwomba kwa lugha yao niliyookoteza: "Ndaga, mama. Nisamehe." Akaniinua, tukapika, wakala, wakaondoka. Kesho yake wanafunzi wangu wenyewe wakawa wananong'ona "mfungeni kabisa" nikiandika ubaoni, na nikigeuka kila mmoja anasoma kwa bidii.

Kompyuta inafanya kazi vizuri sana, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Ila kilichonikera kuliko vicheko ni hiki: mama aliamini. Miaka sita niko kwenye ukoo wake, nimewaeleza prosesa walimu wote wa shule, na yeye sijawahi kukaa naye nikamweleza hata jambo moja langu, mpaka akaona inawezekana kabisa mimi nimfunge. Nimeapa sirudii. Sasa nataka printa. Sijampigia muuzaji bado. Jumamosi nakwenda kukaa jikoni kwa mama, nimweleze kwanza printa ni kitu gani, na nikae mpaka amalize maswali yake.