Nilirudisha Nyuma Pezi la Mashua ya Shemeji

Kosa ni langu, nakubali. Lakini yeyote anayezunguka Bungoma akisema niliharibu mashua ile makusudi, hapo nakataa katakata!

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa redio Bungoma. Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliunda mashua ndogo ya mbio, ya kuendeshwa kwa rimoti. Chini ya tumbo lake alifunga pezi, kipande cha bati cha kuizuia isiteleze pembeni. Alilifunga karibu na katikati, ndiyo maana mashua ilikata kona vizuri.

Siku ya mashindano, kwenye bwawa la shamba moja hapa Kitale, alikuwa na msiba. Akaniachia mashua na neno moja: "Shem, ikiregea, rudisha pezi nyuma kidogo."

Mimi nikasikia ikirejea. Raundi ya kwanza ikazunguka pipa la kugeuzia, ikarejea mbele ya zote. Basi nikaipindua, nikalirudisha pezi hadi mkiani. Jamaa wakaniuliza kwa nini nagusa kitu kinachoshinda. Nikawajibu fundi ndiye amesema, wao ni nani?

Kwa fainali nilibonyeza rimoti mpaka kidole kikauma. Mashua ikakataa kona! Pezi likiwa nyuma kabisa, mkia unashikilia njia yake na pua haigeuki. Ilienda moja kwa moja hadi ukuta wa bwawa, ikapasuka.

Nilimpelekea vipande Bungoma. Akanieleza polepole kwamba alimaanisha ikilegea, yaani mkia ukianza kuteleza kwenye kona. Ningesema pole tu, yaishe. Lakini mimi na kiburi changu, mbele ya ndugu zake, nikamwambia, "Basi jifunze kusema L kwanza."

Watu walicheka. Yeye alichukua vipande vyake akaingia ndani.

Juu ya pezi siombi msamaha, hata leo! Wewe pia ungesikia vile. Lakini ile L, jamani, ile inaniuma. Mtu niliyejua anavyoongea tangu amwoe dada yangu, nilishindwaje kumuuliza?

Hajaunda mashua nyingine. Juzi alikuja Kitale kununua spea, akalala gesti, na kwangu kuna kitanda.

Nawaambia nyinyi mnaocheka ulimi wa mtu: shemeji akilala gesti katika mji wako, usitafute mwingine wa kulaumu.