Funza Hakuisoma Kalenda ya Afisa

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya kilimo pale Kendu Bay, msimamizi alinipa kisu na mzigo wa mabua makavu ya mahindi. "Pasua, hesabu funza walio hai." Nikadhani ananichezea shere. Shule niliacha darasa la nne, lakini kuhesabu najua, na kupasua nikapasua mpaka nywele zikawa nyeupe.

Funza huyo anaitwa bungua. Kiangazi analala ndani ya bua, hali, hakui. Mvua ikililowesha bua anaamka, anajifunga kwenye ganda, kisha anatoka nondo wa kutaga mayai. Kendu Bay, kando ya ziwa, kuna joto, anakua mbio. Ogwedhi, kule juu, kuna baridi, anajikokota. Mama mkwe wangu alijengea ua wa jikoni mabua, funza tele, nikamwambia, tukakosana. Hayo tuyaache.

Nilihamishiwa Ogwedhi chini ya Afisa wa Mimea, kijana aliyesomea ng'ambo. Akabandika kalenda: tarehe moja ya dawa, Kendu Bay na Ogwedhi.

"Mzee, mdudu huamka siku zikirefuka. Ni sayansi hiyo."

"Bwana Afisa, hapa kwetu jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima. Funza ataona urefu gani?"

Ofisi nzima ikacheka. Yeye hakucheka. "Wewe pasua mabua. Kufikiri tuachie sisi."

Mpaka leo damu inanichemka.

Tarehe ikafika. Asubuhi hiyo nilipasua mabua ya Mama Boke, mjane: funza wote bado ndani, hata ganda hawajajifunga. Alikuwa na pakiti moja tu ya dawa.

"Ninyunyize ama ningoje?"

Jibu nililijua. Nikasema, "Afisa amesema leo."

Akanyunyiza, mvua ikaiosha. Nondo walipotoka wakataga, dawa ilikuwa imekwisha. Mahindi yakaliwa moyo na funza wapya, yakakauka yamesimama. Mama Boke akampeleka sokoni ng'ombe wake wa maziwa, ndipo watoto wakala.

Afisa akaandika kwenye ripoti: mkulima alikosea kipimo. "Tia sahihi, Mzee, ulikuwepo." Nikatia! Kazi niliihitaji, lakini nani hahitaji?

Siku ya kustaafu wakanisifu kwa utiifu. Utiifu gani huo? Nyinyi vijana mnaopima joto kwa simu, bua likikataa tarehe, semeni, hata mkifukuzwa.

Nilirudi kwa Mama Boke nikamwambia ukweli wote. Alikuwa anajenga ua wa mabua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachomoa bua moja, akanipa na kisu.

"Pasua. Halafu uniambie wewe unaona nini."