Karanga za Majivu

Mke wangu akikaanga karanga, mimi huinuka kitini, jambo ambalo majirani hawalioni mara nyingi.

Nilipokuwa mtoto, vita vilivyotukimbiza vilipotulia, tulikuwa tunarudi kwetu Koboko, ng'ambo ya mpaka, kutoka Kongo mikono mitupu. Jirani yetu Mkongo alimletea mama kikapu cha karanga za mbegu, amezipaka majivu ili sisi watoto tusizimalize njiani.

"Dada, nitakulipa na nini?" mama aliuliza.

Jirani akazibonyeza mbavu zangu. "Huyu mutoto iko mifupa tu. Siku atanenepa, deni imekwisha."

Tulizipanda kijijini kwetu Ludara, zikaota, tukawa na shamba tena.

Leo mke wangu, aliyeichoka hadithi hii, ameniwekea sahani akilitazama tumbo langu. "Mzee, ile deni ulimaliza zamani. Sasa unalipa riba."

Nimechota kiganja kingine, nimegeukia upande wa Kongo.