Nilivyoiona damu ikisafiri kwenye kondo la nyuma

Wakuu, habari za humu. Na kina mama mnaosoma kimya kimya bila kucomment, nawasalimu pia.

Haya yalinipata mwenyewe hapa Eldoret, sijatia chumvi. Mnivumilie nikipotea njiani, maana nikikumbuka chumba kile huwa kama nimesinzia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vurugu za uchaguzi. Mimi na mume wangu Ouma tulikuwa tumekimbilia kwao Ugenya, kisha tukarudi kwa sababu kazi yake ya ufundi wa mitambo ilikuwa huku. Tukapanga nyumba mtaa wa Munyaka, nikaendelea kushona sare za shule.

Lakini Ouma hakurudi mzima mzima. Hata picha ya harusi hakutundika, kana kwamba tungehama tena kesho. Na yeyote akimuuliza anatoka wapi, jibu ni moja tu: Ugenya. Hata fundi wa viatu wa pale kona alijibiwa hivyo.

Sikumlaumu. Wakati ule, kutaja kwenu ni kutaja kabila lako, na jibu hilo ndilo lililotupitisha kwenye vizuizi vya barabarani. Wengine walijibu vingine na hawakupita.

Basi, mimba ikafika miezi saba na tumbo likakataa kukua. Kliniki wakanituma kwa scan ile ya kuangalia mishipa ya damu.

Chumba kilikuwa na giza la kubembeleza, Ouma akakaa karibu na mlango. Aliyenipima ni dada mmoja wa Moiben, Chebet, ingawa mimi nilimwita daktari tu. Akabonyeza kitu, na kwenye screen rangi zikachanua, nyekundu na buluu, zikienda na kurudi. Nikasahau kuogopa.

Nilidhani nyekundu ni damu safi na buluu ni chafu. Akacheka, akasema rangi inaonyesha tu damu inaelekea upande gani. Mtoto mwenyewe ndiye anayeisukuma damu yake kupitia kitovu hadi kwenye kondo, ichukue chakula na hewa, halafu imrudie.

Wakuu, nililia. Mtu hajazaliwa na tayari anahangaikia riziki.

Kisha akafungua sauti. Fwuu, fwuu, fwuu, kama mtu anayefagia uwanja asubuhi. Ningeweza kulala pale mpaka siku ya kujifungua.

Lakini Chebet aliacha kucheka. Akatueleza kwamba kondo limechoka, mishipa yake imekaza. Baada ya kila pigo la moyo, damu inapunguza mwendo hadi karibu kusimama. Ikisimama kabisa, mtoto atolewe upesi. Kabla ya hapo, kila siku anayokaa tumboni inamsaidia. Kwa hiyo lazima nipimwe mara mbili kwa wiki.

Akauliza tunatoka wapi.

"Ugenya," Ouma akasema.

Chebet akasikitika. Akasema huko ni mbali mno kwa mama wa hali yangu, afadhali nifuatiliwe kwenye hospitali ya karibu na kwetu. Ouma akamshukuru, tukatoka.

Pale nje Ouma akaanza kupanga safari ya Ugenya, kwa bidii kabisa, kana kwamba kitanda chetu hakiko Munyaka. Mashine kama ile tungeipata wapi huko? Na damu ya mtoto ingetungoja? Nilishikwa na hofu, halafu hasira. Nikamwacha akiongea, nikarudi ndani.

"Daktari, sisi tunakaa hapa Munyaka," nikamwambia.

Nadhani alielewa, maana hakuniuliza sababu.

"Mama, mimi sikuuliza kabila," akasema. "Niliuliza umbali. Kuja Alhamisi asubuhi."

Nikawa naenda. Nakiri nilizipenda asubuhi zile, kulala gizani na kumtazama mtoto akifanya kazi yake kwa rangi. Ouma pia akawa anaingia, anasimama karibu na screen.

Asubuhi moja Chebet alipima, akahamisha kifaa, akapima tena. Kati ya pigo na pigo hakukuwa na kitu.

"Ni leo," akasema.

Nilifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo. Msichana, mdogo kama nusu mkate, akalia kwa sauti nyembamba. Alikaa nursery ya hospitali, ile ya watoto njiti, hadi akaongeza kilo. Siku hizi yuko shule na mdomo wake haufungwi.

Sasa, kwa kina Ouma kondo la nyuma huzikwa nyumbani kwa baba. Mama mkwe alikuwa ameshapiga simu kwamba lipelekwe Ugenya. Ouma aliliomba, akapewa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Akaenda moja kwa moja Munyaka, akaomba ruhusa kwa mama mwenye plot, akachimba nyuma ya jikoni.

Mama yake alimgombeza sana kwenye simu. Kondo la mjukuu wake, kulizika kwa nyumba ya kukodi!

"Mama," Ouma akamjibu polepole, "ni hapa lilipomlishia."

Wakuu, ukiambiwa kliniki kwamba tumbo halikui, usingoje, omba hiyo scan. Na hospitalini wakikuuliza unatoka wapi, taja mahali unapolala, usitaje mahali utakapozikwa.

Kwa nyinyi mliokuwa huku miaka ile, niambieni hapa chini: leo ukiulizwa, unajibu nini?