Mtoto Aliyeniita Mama

Mama alipochukuliwa, mdogo wangu alikuwa hajaota jino hata moja. Waganga wa serikali walipita kijijini kwetu, kati ya Kasongo na Nyangwe, wakatupanga mstari na kutupapasa shingo mmoja mmoja. Kwa mama wakakuta tezi zilizovimba za malale, ugonjwa wa usingizi. Wakaamuru aende lazareti, kambi ya wagonjwa, na mtoto abaki. Baadaye mama alinisimulia kwamba njia nzima maziwa yalimlowesha nguo.

Baba alikuwa na shamba la pamba la kulazimishwa, na bibi, mama yake baba, magoti yalikuwa yamemshinda. Basi mtoto akafungwa mgongoni kwangu. Nilikuwa binti wa miaka tisa hivi, mwenye hasira za karibu, na hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Nilimlisha uji wa mahindi na ndizi za kuponda. Nyuma ya jiko bibi alichimba kishimo, tukakizungushia matambara, tukamkalisha humo mpaka kiunoni ili mgongo ukaze. Mimi nilitwanga mbele yake. Alinitazama bila kuchoka: nikicheka anacheka, nikinuna midomo yake inaanza kutetemeka. Nilimfichia uso kwa viganja, naye akajifunza kungoja, akijua nitatokea. Alipoweza kusimama alishika kinu. Alipoweza kutembea alinifuata mtoni, kwa majirani, hata chooni. Akipewa karanga, ya kwanza aliitia kinywani mwangu.

Na alipoanza kusema, aliniita mama. Majirani walinitania: "Mama mudogo, mutoto yako iko analia!" Nilimfundisha kusema yaya, kama kwetu mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema mama. Sitaficha, nilifurahi mno.

Mama alirudi wakati wa kuvuna pamba, sisi tumekwisha kukata tamaa. Alikuwa amekonda, na sindano za malale alizochomwa huko kambini zilikuwa zimemharibu macho, watu anawaona kama vivuli tu. Alipiga magoti uani, akanyoosha mikono upande alikosikia sauti ya mtoto. Mtoto alipiga yowe, akanipanda mwilini kama anayekimbia moto.

"Musimukamate kwa nguvu," mama alisema. "Bado hanijui."

Alingoja. Kila asubuhi alikaa mkekani na kiazi kitamu mkononi, akimwita kwa sauti ndogo. Mtoto alikwenda, akakinyakua, akaniletea mimi. Mama alisikia vile vinyayo vikija na vikirudi. Nilimwona akifuta uso kwa ncha ya kitambaa, nikamwonea huruma, na papo hapo nikamkasirikia kwa kurudi.

Bibi ndiye aliyekata shauri. "Kama yaya yake iko hapa, huyu mutoto hatamurudia mama yake. Wewe utaenda Wamaza, kwa shangazi yako, mupaka atazoea."

"Na mimi nitazoea nini?" nikauliza.

Mimi na baba tuliondoka mtoto amelala, kwa sababu bibi hakutaka kelele. Huko Wamaza nililima karanga za shangazi na kugombana na kila mtu. Mara nyingi nilijikuta nimesimama, nayumba polepole, kama ninayembembeleza mtu mgongoni. Iliniuma sana, na sikuwa na wa kumwambia, maana hakuna aliyekufa.

Waliniita nyumbani msimu wa pamba uliofuata. Nilimkuta uani amemshika mama kidole, anamwongoza kwenye mtungi. "Mama, pita huku. Hapo iko jiwe." Sasa alisema maneno mazima. Aliponiona alinisalimia kwa adabu, kama watoto wanavyofundishwa kusalimia wageni.

Mama aliijua sauti yangu. Tulikumbatiana, tukalia wote wawili. Kisha akafungua kitambaa chake, akasema, "Mubebe kidogo, binti yangu. Ni wewe ulimulea." Alimfunga mgongoni kwangu yeye mwenyewe, kwa kupapasa, akalikaza fundo kifuani pangu.

Mtoto alikuwa mzito sasa. Alitulia kidogo, nami nikaanza kuyumba. Halafu akalia, akajipinda kuelekea nyuma na mikono ameinyoosha: "Mama! Mama!"

Nilijua anamwita nani. Nilifungua fundo, nikamshusha, akakimbia kwake.