Kopo la Mafuta la Thacienne

Sinki la Avelina hapa Guildford liliziba tena, kwa sababu kila Jumamosi humwaga humo mafuta aliyokaangia samaki.

"Muulize Thacienne," mumewe alisema. "Lake halizibi."

Thacienne, Thacienne! Huyo Mrundi wa mlango wa pili ana nini? Avelina akamchungulia dirishani. Akamwona akiyaacha mafuta yapoe, akiyamimina kwenye kopo la maziwa, akifuta kikaango kwa karatasi, kisha akatoka nje na kutupa kopo na karatasi kwenye pipa la taka.

Thacienne aliporudi ndani tu, Avelina akalichomoa kopo pipani bila hata kulifunua, akaliweka chini ya sinki.

"Nimebuni mwenyewe," akamwambia mumewe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Thacienne, kashika kopo tupu.

"Dada, ulilochukua limejaa. Tumia hili."