Ndama Niliyemzaa kwa Mdomo

Nakumbuka Jumapili moja hapa Durban, mwaka ule wa Kombe la Dunia, niliposimama mbele ya wenzangu nikatangaza kwamba ng'ombe aitwaye Gaju amezaa. Mwanangu, Gaju alikuwa ameporwa wiki hiyohiyo, nami nilijua. Hebu nirudi nyuma kidogo, maana hadithi hii hunichanganya hata mimi mwenyewe.

Chama chetu cha vijana wafugaji tulikianzisha mwaka 2008, baada ya zile vurugu za kufukuza wageni. Tulikuwa Wakongo kumi na mmoja, vinyozi, wauza simu na walinzi wa magari, wafugaji wasio na hata samadi kiatuni. Ng'ombe wetu walikuwa nyumbani, milimani juu ya Uvira, wakichungwa na baba yangu mdogo. Kila mmoja alikuwa na wake, na dume la mbegu nzuri tulilinunua pamoja. Kwa kuwa nilifanya kazi duka la simu, nikafanywa katibu. Baba mdogo alinipigia kila mwezi, na Jumapili baada ya kanisa, ndani ya saluni ya rafiki yangu Elia, nilitoa habari za kundi: nani ana mimba, nani kazaa, ndama ana rangi gani. Wanaume wazima walifumba macho wakisikiliza. Kwa saa moja hakuna aliyekuwa mgeni.

Siku baba mdogo aliponipigia analia, sikumwelewa mara moja. "Ngombe iliisha yote," alisema. "Watu ya bunduki balibeba, hata dume."

Nilikwenda mkutanoni nimeshaamua kusema. Lakini asubuhi hiyo Elia alikuwa amepigwa kwenye kituo cha taxi kwa kosa la kuongea Kiswahili, na jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Akawahi kuniuliza kabla sijakaa: "Gaju yangu iko namna gani? Ilizaa?"

Nikasema amezaa. Jike, mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Watu wakapiga makofi, tukampa jina Bihogo. Hadi leo sijui yale maneno yalitoka wapi. Lile doa jeupe nani aliniambia?

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua mwaka mzima. Kila mwezi nilizalisha, nilikamua, niliponya. Nilianza kumwona Bihogo usingizini. Kuna siku nilimpigia baba mdogo nikamuuliza Bihogo anaendeleaje, akaniuliza kama ninaumwa. 

Ndipo Elia akapata mchumba, Furaha, binti wa Mzee Zebedayo, mlinzi wa magari kule mtaa wa Point. Elia alimtoa Bihogo awe mahari, kwa fahari, mbele ya watu. Mwanangu, hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilicheza ngoma hadi shati likalowa. Niliogopa, na sioni aibu tena kulisema hilo.

Jumapili iliyofuata Mzee Zebedayo aliingia saluni na jaketi lake la kazi, akakaa kwenye kiti cha kunyolea. Hakupaza sauti. "Katibu," alisema, "tupe habari ya kundi."

Nikasimama. Mdomo ukaenda wenyewe: Bihogo amenenepa, na yule ng'ombe mwingine, Sine, ana mimba.

"Ndugu yangu alifika kule jana kuchukua ngombe ya binti yangu," akasema. "Kwenye zizi iko majani tu. Imefika magoti. Weye ulijuaka tangu wakati gani?"

Nikasema ukweli wote, au karibu wote. Kila mtu akaanza kumlilia ng'ombe wake kwa jina. Elia peke yake hakulia. Mwishowe akauliza, "Na Bihogo, nayo balibeba?"

Kusema aliibiwa ni uongo, na kusema hakuibiwa ni uongo pia. Nilitazama chini kwenye nywele zilizokatwa.

"Eish," Elia akasema taratibu. Alikuwa ameelewa.

Mzee Zebedayo alinigeukia. "Elia aliahidi kitu alichoamini. Ulidhani unawahurumia, kumbe uliwanyima hata kilio chao. Ile ngombe utaileta weye."

Nilifanya kazi kiwandani Pinetown karibu miaka miwili, harusi ikinisubiri, hadi mtamba wa kweli ukafika kwa ndugu yake Mzee. Chama hakikufa. Kilichagua katibu mwingine, na sheria mpya: habari ya ndama haipokelewi mpaka sauti ya mchunga ng'ombe mwenyewe isikike kwenye simu, mbele ya wote.

Elia alinisamehe. Tunakula pamoja, wanawe wananiita baba mkubwa. Lakini nikimwambia mvua inanyesha, hutoa kwanza mkono dirishani.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Habari mbaya ukiipokea, ifikishe ingali mbichi, hata kama mwenye nayo ana jicho lililovimba. Ukae naye alie, hiyo ndiyo huruma. Mimi niliichanganya na woga, na bado siku nyingine sizitofautishi vizuri.

Mungu akupe mifugo unayoweza kuigusa, na akujalie rafiki wa kukuamini bila kutoa mkono dirishani.